Mabegi yamefungwa tangu Januari, nami naogopa kupanda lengalenga

Mama mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Nakuandikia kutoka kambi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu. Mimi ni Mkongomani wa Fizi. Nilivuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996 nikiwa na miaka sita, nimeshikwa mkono na bibi yangu, na tangu hapo sijalala nje ya kambi isipokuwa siku nne tu, nilipopelekwa hospitali ya mjini kujifungua kwa upasuaji. Niko na watoto wanne. Bwana yangu ni mwalimu wa kwaya. Au niseme alikuwa.

Prosesi yetu ya kwenda Marekani ilianza 2016. Intavyuu ya kwanza, ya pili, kesi ikasimama, ikatembea, ikaja korona ikasimama tena. Dada yangu aliyeanza nyuma yetu akaondoka, leo yuko Kentucky. Sisi tukabaki tunasindikiza wengine kwenye basi. Mwaka 2024 ndipo tukaapishwa, tukapita medikali, tukakaa darasani kufundishwa maisha ya kule: jiko la umeme, namba ya kupiga nyumba ikiungua, jinsi ya kuvaa baridi inapokuja. Mwisho wa mwaka tukapewa tarehe, wiki ya pili ya Februari 2025. Noeli ile kanisa zima lilituimbia. Tuliuza mbuzi watatu na baiskeli, godoro tukampa jirani, nyumba tukaahidi kumwachia shemeji. Mimi nikanunua mitumba ya baridi: makoti, soksi, na viatu vya mtoto wangu wa tatu, vyeusi, vina manyoya ndani.

Januari tukasikia kwenye redio kwamba rais mpya wa Marekani amesimamisha safari za wakimbizi. Siku chache baadaye tukaitwa tukaambiwa flaiti yetu imefutwa. Hadi lini, hawakusema. Siku zile zile Goma ikaanguka, na Februari, mwezi tuliokuwa tusafiri, ikaanguka Bukavu. Mbele pamefungwa na nyuma panawaka moto.

Kuna mtumishi mmoja hapa, sitamtaja, alitangaza kwamba kabla ya Pasaka mlango utafunguka, na kila familia ambayo kesi yake imesimama ilete mbegu ya kufungua mlango. Nilitoa pesa ya mbuzi mmoja bila kumwambia bwana yangu. Pasaka ikapita. Akasema mlango ulikwisha kufunguka rohoni, ila katika baadhi ya nyumba yuko mtu mmoja mwenye mashaka anayeuzuia. Watu wakageuka wakamtazama bwana yangu.

Tangu siku hiyo hajarudi kanisani. Gitaa lake amelitundika kwenye msumari juu ya kitanda, vumbi linalijaa. Hali vizuri, halali, anakaa nyuma ya nyumba mpaka giza. Usiku mmoja aliniambia, "Afadhali nisingezaliwa." Kijana wetu mkubwa, miaka 14, ameacha shule. Anasema masomo ya hapa ni ya nini, atasoma Marekani.

Na mimi, Mama, ndiyo sababu ya kuandika. Mabegi yetu yamefungwa tangu Januari. Mvua ikinyesha nayahamisha, maana turubai linavuja upande mmoja. Mvua za mwaka huu zimeanza, na mama mkwe kila asubuhi ananiambia nipande lengalenga, yaani mchicha, pale pembeni ya nyumba, kwa sababu mgao umepungua na watoto wanahitaji mboga. Kila nikishika jembe nalirudisha. Naona nikipanda nimemwambia Mungu kwamba siamini tena kama tutaondoka. Juzi nilitoa vile viatu vyeusi nikamjaribisha mtoto. Havimwingii. Nililia mpaka akanifuta machozi yeye.

Je, imani yangu ndiyo ndogo? Niendelee kutumaini, au tumaini lenyewe ndilo linalotuua?

Mama wa Wanne, Nyarugusu

JIBU

Mwanangu, Mama wa Wanne,

Barua yako niliisoma asubuhi, nikaiacha mezani nikaenda sokoni, nikarudi nikaisoma tena nimesimama na kikapu mkononi. Mwaka 1996 nilikuwa nesi kijana hapa Kigoma. Nayakumbuka maboti yale yakiingia yamejaa kina mama na watoto waliolowa hadi nywele, na mabibi walioshika wajukuu mikono kwa nguvu mpaka vidole vimekuwa vyeupe. Huenda bibi yako nilimpita pale nikiwa na ndoo ya uji. Kwa hiyo niruhusu nikuandikie kama mama yako, na kama mama nisikufiche kitu.

Naanza na bwana yako, kwa sababu lake haliwezi kungoja. Mtu asiyelala, asiyekula, aliyeacha kitu alichokipenda kuliko vyote, na anayesema afadhali asingezaliwa, ni mgonjwa. Nimefanya kazi wodini zaidi ya miaka 30, na hapa nakuambia kama nesi kabla sijakuambia kama mzee wa kanisa: hali hiyo inaitwa sonona, nayo inatibika. Wiki hii hii nenda naye kituo cha afya hapo kambini, uliza mhudumu wa afya ya akili au mshauri nasaha. Akikataa, nenda wewe kwanza ukaeleze, waombe wamfuate nyumbani. Na umuulize waziwazi, usiku mkiwa wawili, kama anafikiria kujiua. Watu wanaogopa kuuliza swali hilo wakidhani watampandikizia mtu wazo. Nimeliuliza mara nyingi sana, na mara nyingi niliyemuuliza alishusha pumzi kama aliyetuliwa mzigo wa kuni. Akikujibu ndiyo, asiachwe peke yake hata kidogo, ndugu zake wapokezane, vitu vya kujidhuru viondoke nyumbani, na siku hiyo hiyo aonwe hospitali. Wakija watu wa kumkemea pepo, waambie kwa heshima kwamba waombe, lakini kliniki ataenda.

Kumbuka nabii Eliya chini ya mti wa mretemu, katika Wafalme wa Kwanza sura ya 19. Alimwambia Mungu aiondoe roho yake, yatosha. Malaika hakumhubiria. Alimwekea mkate na gudulia la maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Kwa macho yangu ya kinesi naiona sura ile kila nikiisoma: chakula, usingizi, chakula. Maneno yalikuja baadaye kabisa, mlimani, tena kwa sauti ndogo ya utulivu. Basi mpikie uji bwana yako, ukae naye akinywa, na kwa sasa usimwambie habari za kwaya.

Wakikuambia kwamba Mkristo hasemi neno kama lile alilolisema usiku ule, wafungulie kitabu cha Yeremia, sura ya 20. Nabii wa Mungu, aliyeitwa kabla hajatoka tumboni mwa mama yake, analia, "Na ilaaniwe siku niliyozaliwa." Hakuna aliyelifuta neno lile. Liko katika Biblia zetu zote, na aliyelisema akaendelea kuwa nabii.

Nataka tubaki na huyu Yeremia, kwa maana barua yako yote iko ndani ya kitabu chake.

Watu wa Yuda walikuwa wamechukuliwa utumwani Babeli, na mfalme wao pamoja nao. Wakawa wakimbizi, mwanangu, watu wa kambini. Akatokea nabii Hanania, akasimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote, akatangaza kwamba katika miaka miwili Mungu atawarudisha wote na vyombo vyote vya hekalu. Fikiria makofi. Fikiria kina mama waliokimbia nyumbani kufunga mizigo. Na Yeremia, aliyejua kwamba si kweli, alijibu neno ambalo hunigusa kila mara. Alisema, "Amina." Alisema Bwana na afanye hivyo. Maana naye alikuwa binadamu, naye alitamani tarehe ile iwe kweli kama ulivyotamani wewe. Baadaye tu ndipo Mungu akamtuma arudi kumwambia Hanania kwamba hakutumwa, na kwamba anawafanya watu wautegemee uongo.

Basi ulipotoa pesa ya mbuzi yule hukufanya jambo la kijinga. Ulisema amina kama Yeremia. Lakini mtumishi aliyekupa tarehe, na tarehe ilipopita akakurudishia lawama nyumbani kwako, amefanya kazi ya Hanania. Usimpe tena hata shilingi. Kuhamishiwa nchi nyingine hakulipiwi na mkimbizi kwa mtu yeyote aliyepo kambini, wala kwa mchungaji, wala kwa karani, wala kwa anayejiita wakala. Maombi nayo hayalipiwi. Bwana wetu alisema tumepata bure, tutoe bure. Na kuhusu mashaka ya bwana yako kuzuia ndege: agizo lile lilitiwa saini Washington tarehe 20 Januari 2025, likawagusa maelfu ya watu katika nchi nyingi, Wasudani, Waafghani, Wakongomani, Wakristo na Waislamu, wenye imani ya kuhamisha mlima na wasio na imani kabisa. Moyo wa mwalimu mmoja wa kwaya huko Kasulu hauna nguvu ya kusimamisha hayo yote. Mwambie hivyo. Mwambie mbele ya watoto, kwa sababu nao walikuwepo watu walipogeuka kumtazama. Na siku mkiwa mmetulia mwambie habari ya ile pesa. Asiisikie kwa mwingine.

Kisha Yeremia akawaandikia wale wa Babeli barua. Ndiyo ile ya sura ya 29, ambayo mstari wake wa 11 tunauandika kwenye kalenda na kwenye khanga: mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho. Sote tunaujua. Lakini nani anauandika kwenye kalenda mstari wa 10, unaosema miaka sabini? Aliyekuwa na miaka 40 aliposomewa barua ile alielewa kwamba yeye mwenyewe harudi. Na mstari wa 5, Mama wa Wanne, mstari wa 5 umeandikiwa wewe na jembe lako: "Jengeni nyumba, mkakae ndani yake, kapandeni bustani, mkale matunda yake."

Mungu yule yule aliyewaahidi kuwarudisha ndiye aliyewaambia wapande. Katika barua moja, kwa mkono mmoja. Hakuona kwamba bustani inaitukana ahadi. Alijua kwamba watoto wanakula kila siku, na ahadi inakuja siku yake. Wewe umefikiri kwamba ukipanda utamwambia Mungu huamini. Mimi nakuambia yeye mwenyewe ndiye anayekutumia mama mkwe kila asubuhi na neno lile lile.

Najua mtu atasema kambi si Babeli. Ninyi hamruhusiwi kujenga mnavyotaka, hamtoki bila kibali, na hiyo ardhi ya pembeni ya nyumba ni hatua chache tu. Ni kweli, na sitaki kuchukua neno la Mungu kuifunika shida yako kama turubai juu ya shimo. Miaka 29 kambini ni mingi mno kwa mtu yeyote, na wanaoweza kuibadilisha hali hiyo, hapa kwetu na huko mbali, watatoa hesabu. Lakini hatua hizo chache ni zako leo.

Kuna shamba jingine katika kitabu hicho, sura ya 32, nalo ndilo ninalolipenda kuliko yote. Jeshi la Babeli limeuzingira Yerusalemu. Yeremia amefungwa katika uwanda wa walinzi kwa sababu mfalme hapendi anachokisema. Anakuja Hanameli, mwana wa ami yake, kumwuzia shamba huko Anathothi, nchi ambayo adui yuko tayari kuimeza. Nani ananunua shamba siku kama hiyo? Yeremia akapima shekeli kumi na saba za fedha, akatia sahihi mbele ya mashahidi, akampa karani wake Baruku hati azitie katika chombo cha udongo ili zikae siku nyingi. Akasema nyumba, na mashamba, na mizabibu itanunuliwa tena katika nchi hii. Halafu akaomba, na ukiyasoma maombi yale utaona yeye mwenyewe anashangaa alichofanya. Anamwambia Mungu: umeniambia ninunue, na huku mji unatiwa mikononi mwa Wakaldayo, ndio hao watu wa Babeli. Alinunua kwanza, akashangaa baadaye.

Na ukweli ni kwamba hatusomi popote kwamba alililima. Walimchukua Misri, na Biblia haisemi kwamba alirudi. Sikuambii hili kukuvunja moyo. Nakuambia kwa sababu umechoka na watu wanaokupa mwisho mzuri kwa mdomo. Sijui kama mtasafiri. Inawezekana kesi ikafunguliwa. Serikali hubadilika, na sera iliyoandikwa kwa kalamu hufutwa kwa kalamu. Inawezekana pia isifunguliwe. Mungu hakuniambia, nami sitakutungia. Ninachokijua ni kwamba tumaini letu sisi Wakristo halikuwekwa juu ya flaiti. Limewekwa juu ya yule ambaye akiwa mtoto alibebwa usiku kukimbilia Misri, akakua, na msalabani akalia, "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Wale wanawake walioenda kaburini alfajiri hawakuwa na habari yoyote njema. Walikuwa na manukato, na njiani walikuwa wakiulizana nani atawavingirishia jiwe. Walienda hivyo hivyo, kufanya kazi iliyokuwa mbele ya mikono yao. Hawakujua kwamba jiwe limekwisha kuvingirishwa.

Umeniuliza kama tumaini ndilo linalowaua. Kitabu cha Mithali kinakubaliana nawe kwa sehemu: "Kilichotarajiwa kikikawia kuja moyo huugua." Moyo wako umeugua. Ila naona kinachowamaliza ni kuishi kama abiria. Mabegi mlangoni, godoro kwa jirani, gitaa ukutani, kijana nje ya darasa, ardhi imeota magugu, kila mtu ndani ya nyumba amesimama kituoni tangu Januari. Hakuna mwili unaoweza kusimama hivyo.

Nina sababu ya kuliona hilo. Mwanangu wa kwanza alichaguliwa shule ya bweni. Desemba tulimnunulia tranka la bati la kijani, mashuka mawili, ndoo, daftari nikazifunika kwa khaki mwenyewe usiku. Kabla ya Januari malaria ikampanda kichwani, akaondoka kwa siku tatu. Tranka lile lilikaa limefungwa miaka minne. Nililipangusa vumbi kila Jumamosi. Nilikuwa naimba kanisani, nafundisha shule ya Jumapili, na nyumbani nina tranka. Siku moja binti wa jirani alifaulu, mama yake hana kitu, nikalifungua. Mashuka yalikuwa yameanza kuota madoa ya kutu. Daftari zilikuwa nzima. Nililia, kisha nikamwita yule binti aje ajaribu ndoo kama inamfaa. Yangu na yako hayafanani, najua. Mwanangu harudi mpaka ufufuo, na safari yako bado inaweza kuja. Lakini naijua ile kazi ya kupangusa vumbi.

Kwa hiyo fungua mabegi. Usifungue yote siku moja, utaumia. Anza na makoti, watoto walale nayo, usiku wa huko kwenu una baridi yake. Lile begi moja la nyaraka liache limefungwa, tena ulitunze kuliko dhahabu: kadi za familia, vyeti vya kuzaliwa, namba ya kesi, karatasi za medikali hata kama muda wake umekwisha. Zitie kwenye ndoo yenye mfuniko, upande usiovuja, panya wasifike. Hicho ndicho chombo chako cha udongo. Mkibadilisha namba ya simu, au akizaliwa mtoto, au kukitokea msiba, nenda ukaandikishe mara moja, kesi isije ikafunguka wakashindwa kuwapata.

Kijana arudi shule Jumatatu. Mwambie kwamba hesabu ni ile ile Kasulu na Kentucky, na kwamba mwaka anaoupoteza hapa hakuna mtu atakayemrudishia kule. Akibisha, mpigie simu mama yake mdogo, huyo dada yako aliyeko Kentucky, amweleze mwenyewe mtoto aliyekaa nje ya darasa hukutana na nini anapofika. Maneno ya mtu aliyefika yatamwingia kuliko ya kwangu. Na wewe dada yako akipiga, mweleze ukweli wa nyumbani. Nadhani humwelezi. Wengi hawawaelezi waliotangulia, wakiogopa kuonekana wanaomba pesa.

Kuhusu kuomba, endelea kuomba safari. Usiache. Lakini ukichoka na maneno makubwa ya ushindi, chukua Zaburi ya 13, ina mistari sita tu, na inaanza, "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" Isome kwa sauti ukiwa peke yako njiani kuteka maji. Hayo ni maombi kamili. Na siku usipoweza hata hayo, Paulo anasema Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Ulipolia juu ya vile viatu, mwanangu, ulikuwa unaombewa. Kuhusu kanisa, ukitazamwa vibaya huko ulikokuwa, nenda kwingine kwa muda. Nyarugusu haina upungufu wa makanisa. Tafuta mahali ambapo kina mama wanatembelea wagonjwa bila kuuliza dhambi zao.

Nimeliacha gitaa makusudi nilifikie mwisho. Wale wakimbizi wa Babeli walifanya alichofanya bwana yako. Zaburi ya 137 inasema walivitundika vinubi vyao katika miti, kwa sababu waliowateka waliwadai wimbo wa furaha, na wao hawakuweza kuimba wimbo wa Bwana katika nchi ya ugeni. Mwalimu wa kwaya anaijua Zaburi hiyo. Amewafundisha wengine kuiimba, nina hakika. Ila labda hajawahi kuambiwa jambo hili: kule kushindwa kwao kuimba kuliwekwa kuwa wimbo, na watu wa Mungu wanauimba mpaka leo. Hakuna aliyewalaumu kwa kutundika. Kwa hiyo gitaa libaki pale kwenye msumari, na wewe ulipanguse vumbi tu, usiseme kitu. Akianza kulala na kula, atalitazama mwenyewe. Siku akilishusha asidaiwe wimbo wa shangwe. Akicheza nyuzi mbili za huzuni nyuma ya nyumba, mkae mzisikilize.

Vile viatu vyeusi, usivirudishe begini. Hapo kijijini kwenu yuko mtoto mwenye mguu unaotoshea. Mpeleke mwanao wa tatu akampe kwa mkono wake.

Kisha uchukue jembe. Waombe kina mama wenzako mbegu, lengalenga moja ikikomaa inatoa mbegu za kugawia majirani kumi. Changanya na mchanga kidogo ili zisidondoke nyingi mahali pamoja, mwaga kwa mstari, funika kwa udongo mwembamba tu. Bwana yako anakaa hapo nyuma ya nyumba mpaka giza; mwombe afukuze kuku. Ni kazi ndogo, na mtu aliyezama anahitaji kazi ndogo. Kwa mvua hizi, baada ya wiki nne hivi mtachuma mboga ya kwanza. Niandikie siku hiyo, uniambie alikula.

Mama yako wa Kigoma